Plagini nzuri huonekana siku ya kuiondoa

Kila anayeniomba nimsaidie kufungua blogu huniuliza aweke plagini gani, yaani vile viongezo vidogo vya programu. Ana haki ya kuuliza, maana ndivyo WordPress, programu ya kutengenezea blogu, inavyosifiwa: ukikosa kitu, nenda kwenye orodha, tafuta, bonyeza, washa. Saraka yake rasmi ina plagini za bure zaidi ya 50,000. Fomu za mawasiliano, maduka, ramani, saa za swala, hesabu ya wasomaji, vitufe vya kutuma makala WhatsApp, vyote vimo. Mtu ambaye hajawahi kuandika mstari hata mmoja wa programu anaweza kupata jioni moja tovuti ambayo zamani angelazimika kumlipa fundi wiki nzima.

Naipenda nguvu hiyo, na imenilisha. Lakini kadiri ninavyokaa na watu wanaoandika, walimu, wauguzi, wakulima, mashehe, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunaipima kwa kipimo kisicho chake. Tunaangalia siku ya kuweka, na siku ya kuweka kila plagini ni rahisi. Ugumu unajulikana siku ya kuiondoa. Mtengenezaji wa programu ya blogu aliyeifikiria siku hiyo ndiye aliyemfikiria mwandishi.

Kuna mama mmoja Morogoro anayeandika kuhusu kilimo cha mboga: mchicha, nyanya chungu, mnafu, na zaidi ya yote nyanya, ambazo anazijua kuliko maofisa ugani wengi niliowahi kukutana nao. Anaandika kwa simu, jioni, akishatoka shambani. Alinipigia asubuhi moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu fungua blogu yangu uniambie nani kaniingilia. Makala zote zimejaa mabano."

Hakuna aliyemwingilia. Kijana aliyemtengenezea tovuti alimwekea plagini ya kupanga kurasa, ile ya kulipia kila mwaka. Leseni ikaisha, masasisho yakakoma, kampuni inayohifadhi tovuti ikapandisha toleo la PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo, plagini ikaanza kugoma, na mhudumu wa simu wa kampuni hiyo akamshauri aizime. Akaizima. Pale palipokuwa na kisanduku cha kijani chenye maelezo ya kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, sasa palikuwa na mabano ya mraba: amri ya kufungua safu, amri ya upana wa nusu ukurasa, namba ya rangi, halafu sentensi yake mwenyewe inayosema ukiona njia nyeupe ndani ya jani usisubiri tunda litoboke, halafu mabano mengine ya kufunga yote yaliyofunguliwa. Kwenye kioo cha simu, msomaji alipita mistari na mistari ya amri kabla hajafika kwenye neno la kwanza la mkulima.

Mabano yenyewe yanafutika. Kilichoniuma ni ratiba yake ya kupulizia dawa, ambayo wasomaji wake huipiga picha na kuitumiana. Ratiba ile haikuwamo ndani ya makala kabisa. Makala ilikuwa na mabano na namba tu, na jedwali lenyewe limefichwa kwenye sehemu ya kanzidata, ghala la data za tovuti, ambayo plagini ilijitengenezea, kwa mpangilio ambao ni yenyewe tu inaweza kuusoma. Ratiba hiyo tuliitoa, maana kwa anayejua kufungua kanzidata inawezekana. Yeye angeijulia wapi? Alikuwa ameandika kazi yake mwenyewe, kwa vidole vyake, na siku plagini ilipozimwa kazi hiyo ikawa haiko mikononi mwake.

Ukitaka kuelewa tulifikaje hapo, inabidi urudi nyuma kidogo, na historia hii ni fupi kuliko watu wanavyodhani.

WordPress ilianza mwaka 2003, pale Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza walipochukua programu iliyokuwa imeachwa, b2, kazi ya Michel Valdrighi, na kuiendeleza. Toleo la kwanza, 0.7, lilitoka tarehe 27 Mei 2003. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2004, likaja toleo la 1.2, na ndani yake mfumo wa plagini. Mwezi huohuo kampuni ya Six Apart ilitoa Movable Type 3.0, programu ya blogu iliyokuwa ikitawala wakati ule, ikiwa na masharti mapya ya leseni yaliyowabana wenye blogu nyingi au waandishi wengi. Wanablogu wengi walikasirika wakahama, na WordPress ilikuwa imesimama mlangoni kuwapokea. Mara nyingi husemwa bei ndiyo iliyoamua. Mimi naona mfumo wa plagini ulichangia vilevile, kwa sababu mhamiaji aliyezoea jambo fulani kule alikotoka aliweza kuliongeza huku bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Mfumo wenyewe ni wa akili na ni mwepisi kueleweka. Programu inapofanya kazi zake hupita hatua moja baada ya nyingine, na kwenye hatua nyingi husimama na kuuliza: kuna mwenye la kufanya hapa? Plagini iliyojiandikisha kwenye hatua hiyo inafanya kazi yake, kisha safari inaendelea. Kuna hatua za vitendo, mfano maoni mapya yamehifadhiwa, mtumie mwandishi barua pepe. Na kuna hatua za vichujio: plagini inapewa maandishi, inayabadilisha, inayarudisha. Kichujio maarufu kuliko vyote ni kile kinachopitisha mwili wa makala muda mfupi kabla haujaonyeshwa kwa msomaji.

Kichujio hicho hakigusi kilichohifadhiwa. Mwandishi ameandika nyanya, kwenye kanzidata imelala nyanya. Plagini inaweza kuongeza kiungo chini, picha pembeni, vitufe juu, lakini vyote vinaongezwa wakati wa kuonyesha. Izime leo, makala inarudi kama ilivyoandikwa, haina kovu. Ubunifu wa mwaka 2004 ulikuwa na heshima hii kwa mwandishi, na sijui kama hata wenyewe waliitambua thamani yake wakati ule.

Mwaka 2008, mwezi Machi, toleo la 2.5 likaleta njia nyingine: amri fupi ndani ya mabano ya mraba ambazo mwandishi, au plagini kwa niaba yake, anaziandika ndani ya makala yenyewe. Zilikuja pamoja na albamu ya picha, na kwa kazi hiyo zilifaa sana. Andika neno moja ndani ya mabano, picha zako zote zinajipanga. Ni rahisi mno kwa mwandishi, kuliko chochote kilichokuwapo. Lakini kwa mara ya kwanza lugha ya plagini ikaruhusiwa kukaa ndani ya maandishi ya mwandishi, na kuhifadhiwa pamoja nayo. Watengenezaji wa plagini za kupanga kurasa waliona mwanya huo wakaupanua mpaka makala nzima ikawa amri, na sentensi za mwandishi zikawa zimebanwa katikati. Mabano ya yule mama yalianzia huko.

Kwa hiyo watu wanaposema tatizo la WordPress ni plagini nyingi, huwa sikubali moja kwa moja. Nimeona blogu yenye plagini chungu nzima inayohamishika bila shida, na nimeona yenye plagini moja ambayo mwenyewe hawezi kuondoka nayo. Plagini inayokaa pembeni ya maandishi ni mgeni. Inayoingia ndani ya maandishi imeshakuwa mwenye nyumba.

Kuhusu nini kiwe ndani ya kiini cha programu na nini kiachiwe plagini, WordPress wenyewe wana kanuni waliyoiandika hadharani: kiini kiwe na mambo ambayo angalau asilimia 80 ya watumiaji watayathamini na kuyatumia, na mengine yaende kwenye plagini. Pamoja nayo wana nyingine, kwamba mtengenezaji aamue badala ya kumrundikia mtumiaji machaguo. Ni kanuni nzuri, na pale zilipofuatwa zimezaa matunda. Vijisanduku vya pembeni vilikuwa plagini kabla ya kuingia kwenye kiini katika toleo la 2.2 mwaka 2007. Lebo za makala zilikuwa plagini, zikaingia 2.3 mwaka huohuo. Picha zinazojipima kulingana na ukubwa wa kioo cha msomaji zilijaribiwa kwanza kama plagini, zikaingia 4.4 mwishoni mwa 2015, na kwa anayesoma kwa bando la siku hilo si jambo dogo: simu yake haipakui tena picha ya ukubwa wa kompyuta. Njia inaenda pande zote mbili. Orodha ya viungo vya blogu rafiki, iliyokuwa ndani tangu zamani, ilifichwa kwa tovuti mpya katika toleo la 3.5 mwaka 2012, na anayeitaka akaachiwa plagini.

Huo ndio mpangilio ninaouheshimu kuliko wote. Plagini inakuwa mahali pa kujaribia, watu wanaitumia, ikionekana karibu kila mtu anaihitaji, kiini kinaichukua na kuibeba milele. Mwandishi aliyekuja baadaye hajui hata kwamba kulikuwa na uamuzi wa kufanya.

Ndiyo maana inanisikitisha kwamba nakala rudufu haijawahi kupita njia hiyo. Ndani ya WordPress kuna chombo cha kuhamisha makala kama faili la XML, lakini faili hilo halibebi picha zenyewe wala mipangilio. Anayetaka nakala kamili ya blogu yake aidha aitegemee kampuni inayomhifadhi, au atafute plagini, na akitafuta atakutana na nyingi zinazofanana, kila moja ikimwonyesha toleo la bure na la kulipia. Ni mwandishi gani asiyehitaji nakala ya kazi yake? Asilimia 80 imeshapita zamani hapo. Kumwachia mtu anayeanza kublogu achague peke yake jambo la kufa na kupona namna hiyo, halafu tuseme tumempa uhuru, si haki.

Desemba 2018 ikaja 5.0 na kihariri kipya cha vipande, Gutenberg. Kelele zilizofuata nazikumbuka vizuri, na nyingi zilikuwa za haki: kwenye simu za bei nafuu kilikuwa kizito, na waliokuwa wamezoea ukurasa mweupe wa kuandikia walijiona wametupwa. Plagini ya kurudisha kihariri cha zamani imewekwa kwenye mamilioni ya tovuti. Hata hivyo kuna uamuzi mmoja ndani yake ninaoutetea popote. Kipande cha kawaida huhifadhiwa kama HTML, lugha ya kurasa za wavuti, na alama za kipande hukaa kwenye maelezo yaliyofichwa ambayo kivinjari hakiyaonyeshi. Plagini iliyoleta kipande hicho ikiondoka, aya inabaki aya, jedwali linabaki jedwali, hata kama rangi zake zimepotea. Ukifungua kihariri kinakuambia hakitambui kipande hiki na kinakupa njia ya kukibakiza kama HTML. Vipo vipande vingine, vile vinavyotengenezwa upya kila ukurasa unapofunguliwa, ambavyo hupotea kabisa plagini ikizimwa, kwa hiyo ugonjwa haujaisha. Lakini ratiba ya yule mama, kama ingeandikwa kwa jedwali la kawaida la Gutenberg, ingebaki ikisomeka bila fundi yeyote.

Wapo waliochagua kukata mzizi. John O'Nolan, aliyewahi kufanya kazi ya muonekano wa WordPress, alichangisha fedha kupitia Kickstarter mwaka 2013 akaunda Ghost, programu ya kuandika na kuchapisha tu. Ndani yake huweki plagini kama za WordPress. Uanachama, barua za wasomaji na maoni vimejengwa ndani kadiri miaka ilivyokwenda, na huduma nyingine zote hukaa nje ya programu na kuzungumza nayo kupitia API, yaani mlango wa programu kuwasiliana na programu nyingine. Nimewawekea Ghost waandishi wawili watatu na wametulia. Hakuna anayenipigia simu. Ila mmoja alipotaka kuuza vitabu vyake kwa malipo ya simu, njia zilizokuwa tayari ndani hazikumfaa, ikabidi kijana aandike programu pembeni. Kwa nchi ambako malipo ni M-Pesa na Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) kabla ya kadi, programu isiyo na plagini inamlazimu mtu asubiri mpaka mtengenezaji aliye mbali akumbuke kwamba na sisi tupo. Hapo ndipo plagini zinapostahili kila sifa. Mtu wa hapahapa, anayejua soko la hapahapa, anaandika plagini ya malipo ya hapahapa, na haombi ruhusa ya mtu wa San Francisco.

Na kabla ya hayo yote tulikuwa na Blogger. Ilianzishwa mwaka 1999, ikanunuliwa na Google mwaka 2003, na kizazi cha kwanza cha wanablogu wa Kiswahili kilikulia kwenye blogspot. Issa Michuzi alianza huko mwaka 2005, akiwa mpiga picha wa gazeti, na blogu yake ikawa mahali Watanzania wa ughaibuni wanapoingia kila asubuhi kutazama nyumbani. Hakuhitaji plagini hata moja. Alihitaji picha, maelezo mafupi na kitufe cha kuchapisha. Kila ninaposikia mtu akisema blogu nzuri lazima iwe na hiki na kile, nawakumbuka watu wa blogspot.

Bado kuna jambo zito kuliko mabano. Plagini ya WordPress ikishawashwa ina uwezo wote wa tovuti. Inasoma faili lenye nywila ya kanzidata, inabadilisha makala, inaongeza watumiaji, inatuma chochote popote. Hakuna mahali inapoulizwa unahitaji nini. Simu za Android tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015 huuliza kabla programu haijagusa kamera au majina ya watu wako. Plagini ya kuonyesha saa za swala haiulizwi. Ni sawa na kumwita fundi wa bomba ukamkabidhi ufunguo wa kila chumba na wa kabati la fedha, kila siku, hata asipokuwa na kazi.

Mwaka 2017 tuliona matokeo. Plagini iitwayo Display Widgets, iliyokuwa kwenye tovuti zipatazo 200,000, iliuzwa na aliyeitengeneza. Mnunuzi akaitolea masasisho, na ndani ya masasisho akaweka mlango wa nyuma uliomwezesha kuingiza kurasa za matangazo kwenye tovuti za watu. Ilikuwa na ujanja mmoja unaonikera mpaka leo: aliyeingia kwa akaunti yake hakuonyeshwa kurasa hizo. Mwenye blogu akifungua tovuti yake anaiona safi, wasomaji wake wanaona takataka. Ilifutwa kwenye saraka, ikarudi, ikafutwa tena, mpaka Septemba 2017 ilipoondolewa moja kwa moja. Wenye tovuti hawakukosea chochote. Walifanya kile tunachowahimiza kila siku, walisasisha.

Ninapomfungulia mtu blogu sasa, naanza bila kitu. Kiini, mandhari nyepesi (muonekano wa tovuti), nakala rudufu na kizuizi cha maoni taka. Namwambia aandike kwanza, mwezi, miwili, mpaka hitaji lijitokeze lenyewe kutoka kwa wasomaji wake. Likijitokeza, plagini naijaribu kwenye nakala ya tovuti kabla ya tovuti yenyewe: naiwasha, naandika makala ya majaribio kwa kutumia kila inachotoa, kisha naizima na kuisoma ile makala. Nikikuta sentensi zangu zote zipo na zinasomeka, tunaendelea. Nikikuta mabano, natafuta nyingine. Natazama pia inapakia nini kwenye kurasa ambazo haihusiki nazo, maana zipo plagini za fomu zinazobebesha kila ukurasa wa blogu mzigo wa fomu iliyopo kwenye ukurasa mmoja tu, na bando linalolipa mzigo huo ni la msomaji.

Jaribio hili halitakiwi kuwa kazi yangu, wala ya yule mama. Saraka tayari inaonyesha nyota, idadi ya tovuti zinazotumia plagini na tarehe ya sasisho la mwisho, na vyote hivyo ni habari za siku ya kuweka. Nataka juu ya kitufe cha kuwasha kuwe na mistari mingine michache: plagini hii inaandika ndani ya makala zako au haiandiki, inahifadhi kazi yako kwenye jedwali lake au kwenye makala, ukiifuta, inachukua nini na inaacha nini. Mengi ya hayo mashine inaweza kuyakagua yenyewe, kwa kuwasha, kuandika, kuzima na kulinganisha, kabla plagini haijakubaliwa kwenye saraka. Plagini isiyojua kuondoka isikataliwe, kwa sababu wengine wanaihitaji kweli. Iandikwe tu waziwazi, kwa Kiswahili kwa anayesoma Kiswahili, na mwandishi aone kabla hajabonyeza.

Yule mama sasa anaandika kwa vipande vya kawaida. Ratiba ya dawa ipo ndani ya makala, safu tano, haina rangi. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe akitaka plagini ya kupokea maagizo ya miche kwa M-Pesa, na nimemjibu kwamba nimeanza kuijaribu.